Msimpigie makofi binti aliyefunga

Jumapili nimetoka kanisani kabla ya baraka. Wanaonijua wanajua mimi siyo wa kutoka kabla ya baraka, mi ni yule anayebaki mpaka viti vinapangwa. Ila safari hii nilijiona nachemka nikasema ngoja niondoke kabla sijapanda madhabahuni kufanya vurugu, nikatoka mpaka barabarani nikapanda daladala ya Kirumba na Biblia mkononi na hasira kifuani.

Ilikuwa siku ya kuhitimisha mfungo wa siku 21. Mzee wa matangazo akamwita mbele binti mmoja wa kwaya, wa miaka kama 18 au 19 hivi, akasema jamani huyu mtoto amefunga siku zote 21 na tatu za mwisho kafunga kavu, hata maji hajagusa, ninyi watu wazima mnaosingizia presha mnaona aibu? Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, mama mmoja akatoka na kitenge akamtupia begani. Na mimi nipo benchi la nne chini ya feni natokwa jasho namwangalia yule mtoto amevaa sweta. Sweta, Mwanza, saa tano asubuhi, na mabati yale hayana dari. Akainua mkono kushika maiki, mkono wa sweta ukateremka, nikaona kifundo cha mkono kilivyokonda. Halafu akatabasamu. Lile tabasamu nalijua, nilikuwa nalo mwenyewe.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ni binti tu anayempenda Mungu na anasikia baridi. Sawa. Lakini hata kama nimekosea kwake, kwenye benchi zile kulikuwa na binti mwingine anaangalia na anajifunza ni kitu gani kanisa letu linakipigia makofi.

Mnaonisoma tangu zamani mnaijua hadithi yangu kwa hiyo sirudii yote. Miaka ile mitatu ya ugonjwa wa chakula, ya kula na kutapika na kutokula kabisa, ninyi mnajua. Kitu ambacho sijawahi kukiandika vizuri, kwa sababu naogopa mama yangu atasoma (shikamoo mama), ni kwamba maficho yangu yalikuwa mfungo. Nyumba ya Kisukuma huwezi kukataa chakula hivihivi. Ukisema umeshiba unaambiwa umeshiba nini. Ukisema vidonda vya tumbo unapikiwa uji. Ukisema unapunguza mwili wanaita kikao. Lakini ukisema "nimefunga" basi, nani atabishana na Mungu? Mama alikuwa anafunika sahani yangu kwa adabu kabisa. Nilifunga kwa ajili ya ndoa ya dada, nikafunga kwa ajili ya mitihani, nikafunga kwa ajili ya mvua, nikafunga kwa ajili ya taifa. Taifa hili nalidai shukrani nyingi sana. Halafu usiku wa manane nipo jikoni gizani nimesimama nakula kiporo kwa mkono kutoka kwenye sufuria kama mwizi, na yaliyofuata sina haja ya kuyaeleza.

Na kanisani napewa vyeo! Nikawa kiongozi wa maombi ya vijana. "Umeng'aa dada, mfungo umekukubali." Nikikutana na watu wa mtaani kwetu Igoma, wao wananong'ona kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI. Yaani mtaa ulioitwa wa wasiookoka ndio ulikuwa unaona mgonjwa, kanisa linaona upako.

Najua mtaandika kwamba mfungo ni wa kibiblia. Ni wa kibiblia, sijakataa. Mama yangu anafunga kila Ijumaa na nina uhakika kuna mambo kwenye maisha yangu yamesimama kwa sababu ya Ijumaa zile. Ila huyohuyo Yesu aliyefunga ndiye aliyesema kwenye Mathayo 6 ukifunga jipake mafuta unawe uso ili watu wasijue. Sasa nyinyi mnamwita mtu mbele na maiki. Mnamtuza kitenge.

Kuna wanaosema ugonjwa huu ni pepo. Nimeombewa sana, nimeshikwa kichwa na watu wengi mpaka nilikuwa natambua mikono yao kwa harufu ya sabuni. Wiki hii pepo la ulafi, wiki ijayo roho ya mauti inayokataza chakula, nadhani hata mapepo yenyewe yalikuwa hayajakubaliana zamu. Ila haki ya mtu nimpe, mchungaji aliyenikemea vile ndiye huyohuyo aliyekuja kunipa nauli na hela ya vipimo baadaye, na hakutangaza. Kwa hiyo sitaki mnisaidie kumtukana.

Kuna wanaosema ni ugonjwa wa wazungu. Kule Fiji, visiwani, ambako unene ulikuwa heshima kama kwetu, televisheni ilifika 1995 na miaka mitatu tu baadaye watafiti wakawakuta mabinti wa shule wanatapika makusudi ili wapungue. Sasa wewe una simu mkononi halafu unaniambia wazungu.

Lakini sentensi iliyoniumiza kuliko zote ni "ni imani ndogo". Hii ngoja niijibu vizuri. Mwaka 1945 Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti anaitwa Ancel Keys alikuwa na vijana wa kiume 36 waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri, wengi wao watoto wa makanisa yale yanayosema Mkristo hashiki bunduki. Watu wa imani, tena imani ya gharama. Walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi kama sita ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu walioteswa na njaa vitani. Walikuwa wazima wa akili na mwili, walichaguliwa kwa uzima huo. Unajua kilichotokea? Wakaanza kuwaza chakula kutwa, wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, wanasikia baridi muda wote, wanakuwa wakali, wanajitenga, hata kusoma hamu ikafifia. Na waliporuhusiwa kula tena kuna waliokula na kula na kula wasishibe. Siyo kwamba walimwacha Mungu. Ni njaa! Njaa ikikaa mwilini inakuwa bosi wa kichwa, haiulizi umeokoka mwaka gani. Niliposoma habari hizo nililia, maana miaka yote nilikuwa natubu dhambi ambayo nusu yake ilikuwa tumbo tupu.

Aliyegundua siyo mchungaji wala mama wala mimi. Ni daktari wa meno. Nilienda kung'oa jino, akaangalia nyuma ya meno ya mbele, akanyamaza, akauliza taratibu bila hata kunitazama usoni, "Huwa unatapika?" Nikasema vidonda vya tumbo. Akasema sawa, lakini nenda ukapime damu, usichelewe. Nikapima. Potasiamu ilikuwa imeshuka vibaya, na ndiyo iliyokuwa inaufanya moyo urukeruke. Mimi kwenye mikesha moyo ukianza kuruka nilikuwa nadhani ni Roho Mtakatifu. Nacheka sasa hivi, ila wakati ule moyo ungeweza kusimama palepale katikati ya pambio na mngesema amelala katika Bwana.

Hospitali ilinisaidia, dawa zilinisaidia, yule mshauri nasaha niliyekuwa namwona kila wiki mbili alinisaidia japo alikuwa anapenda sana kuniuliza "na hilo linakufanya ujisikieje". Ila wiki mbili zina siku 14 na kila siku ina milo mitatu. Huko katikati nani yupo?

Alikuwepo mama mmoja wa idara ya wanawake, anauza samaki pale Mwaloni. Siyo mhubiri, siyo mwombaji wa sauti, ukimpa maiki anasahau alichotaka kusema. Mama yangu alimwambia kwa siri kwamba mimi naumwa ugonjwa wa chakula. Hakuuliza ni pepo gani. Kesho yake saa moja jioni akabisha hodi na mfuko mweusi wa rambo, ndani sato wawili na bamia, akaniambia, "Mwanangu, nimechoka kula peke yangu, mzee wangu yuko Ukerewe." Akapika kwenye jiko letu kama kwake. Ugali ukaja, akakata tonge lake, akachovya mchuzi, hakuniangalia kabisa. Anasimulia habari za Mwaloni, nani kapunjwa kwenye mzani, nani kagombana na mchuuzi wa dagaa. Mimi nimeshika tonge mpaka limepoa. Nikala matonge manne. Hakusema hongera.

Halafu, na hapa ndipo nilipomjua, nilipotaka kuinuka akasema, "Kaa kwanza unisaidie hii." Akatoa sinia na dagaa wakavu, tukaanza kuchambua mchanga na vijiti, mmoja mmoja, saa nzima. Kila siku jioni, miezi mitano, dagaa. Nilikuja kushtuka baadaye kwamba dagaa wale walikuwa wameshachambuliwa. Alikuwa anawachanganya upya mchana. Ile saa moja baada ya kula ndiyo iliyokuwa inanishinda, ndipo nilipokuwa natapika, na huyu mama wa darasa la saba aliijua bila kusoma popote, akaijaza dagaa. Mshauri nasaha nilipomsimulia alicheka, akasema na kwao wanashauri vivyo hivyo, mtu asiachwe peke yake baada ya mlo.

Siku moja nilimuuliza, mama, wewe huniombei? Akasema "naomba nikiwa kwenye boda", akaendelea na dagaa.

Kwa hiyo mnapotaka kuniambia habari za imani na uponyaji, mimi naanzia pale. Na ukisoma Biblia vizuri utaona Mungu ana tabia za mama yule. Eliya amekata tamaa chini ya mretemu anaomba afe, malaika hakumletea mahubiri, kamwambia inuka ule, mkate upo na maji yapo, akalala tena, akaamshwa tena ale. Binti Yairo amefufuka, watu wameduwaa, Yesu anasema mpeni chakula. Halafu Yohana 21, hii sisi watu wa ziwa tulitakiwa kuielewa kuliko wote. Wavuvi wamekesha, alfajiri wanaona moto wa makaa ufukweni na samaki juu yake. Petro alimkana Bwana mara tatu, na hilo halijaongelewa bado, litaongelewa, lakini kwanza, "Njoni mfungue kinywa." Kwanza mle! Maswali ni baada ya kula, imeandikwa hivyohivyo mstari wa 15. Sisi tumegeuza, maswali kwanza, na toba, na kukemewa, halafu chakula ukishapona.

Hata wakubwa wa imani walipotea hapa. Katarina wa Siena, mtakatifu wa Wakatoliki, alikuwa anajinyima mpaka viongozi wake wenyewe wa kanisa wakawa wanamwamuru ale, akafa 1380 ana miaka 33. Shangazi yangu Mkatoliki kila Kwaresima ananikumbusha kwamba kwao sheria ya mfungo inawahusu wenye miaka 18 hadi 59 na mgonjwa haimhusu. Jirani yangu Mwislamu mwenye sukari Ramadhani anakula mchana na hakuna anayemsema, imeandikwa kwenye Kitabu chao. Sisi tuliookoka ndio tunamwambia mwenye presha aone aibu. Ni sentensi moja tu kwenye matangazo naiomba, jamani: "Kama unaumwa, na kama chakula ndicho ugonjwa wako, usifunge, njoo tule pamoja." Sekunde kumi. Mnatangaza bei ya fulana za kongamano kwa dakika 20.

Na sitaki mtu aniulize kwa nini sikuongea na mzee wa matangazo. Nimeongea naye. Jumatatu, kwa simu, "Shikamoo mzee." "Marahaba, Bwana asifiwe." Amenisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema dada yangu tatizo lako unalipeleka kwa watu. Labda kweli.

Yule binti namba yake nimeitoa kwenye grupu la kwaya. Nilimwandikia jana, sikutaja mfungo wala sweta, nilimwambia tu Jumamosi nipo Kirumba kwa mama mmoja nina kazi ya kuchambua dagaa, ni wengi, nahitaji mkono. Tiki za bluu zikakaa masaa manne. Halafu akajibu, "Shikamoo dada, nitakuja ila nitakuwa nimefunga."

Nikamwambia njoo hivyohivyo. Nimeshamwomba mama aongeze sato wa tatu.