Mkaa umebaki kwa sababu ya maharage

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ninazozifahamu, jiko la gesi la plati mbili limewekwa mahali pa heshima, limefutwa likang'aa, lakini ukitoka kwa mlango wa nyuma utakuta jiko la mkaa limekaa juu ya matofali, majivu yake yakiwa bado ya moto. Mwenye nyumba akiulizwa anapikia nini, hujibu bila kusita kwamba anapikia gesi, wala hasemi uongo, kwa sababu chai, mayai na mchicha hupikwa kwa gesi. Siku ya maharage, makande au utumbo ndipo mtoto hutumwa kwa muuza mkaa na kopo mkononi, na siku hiyo, kwa familia za kipato chetu, hurudi mara tatu au nne kila wiki.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Tangu hapo mitungi midogo ya kilo 6 imegawiwa kwenye mikutano mingi, na sina ugomvi nayo, kwa kuwa aliyewahi kupuliza mkaa mbichi saa kumi na moja alfajiri anajua thamani ya kiberiti na kitasa cha gesi. Hata hivyo, naamini kwamba mkaa hautatoka katika nyumba zetu mpaka suala la maharage limalizwe, na kwamba mtungi peke yake hauwezi kulimaliza. Kifaa kinachoweza, yaani presha kuka ya umeme, kipo madukani, ila tunakiogopa kwa sababu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla.

Nilifika kwenye maoni haya kwa kulazimika. Mke wangu alikwenda masomoni kwa miezi mitatu, dada aliyekuwa akitusaidia kazi akawa ameolewa, nikabaki na watoto wawili na jiko. Kabla ya hapo nilikuwa natoa fedha ya mkaa kila wiki nikijiona mwenye kubana matumizi, bila kujua kwamba mwenye kulipa hasa alikuwa yule aliyeinama juu ya moshi kwa saa mbili na nusu. Wanaume tulio wengi tunaamua nishati ya nyumba bila kuwahi kuiwasha.

Wiki ya kwanza nilijaribu kuchemsha maharage kwa gesi. Kwa kuwa nina mazoea ya kupimapima vitu, niliuweka mtungi wa kilo 15 kwenye mzani kabla na baada ya kupika, nikaona kwamba nusu kilo ya maharage iliyokuwa haijalowekwa ilikula karibu gramu 280 za gesi. Mtungi wenyewe niliununua kwa shilingi 58,000, kwa hiyo sufuria moja ya maharage, kabla ya kitunguu, nyanya wala nazi, ilinigharimu zaidi ya shilingi 1,000. Mkaa wa kazi hiyohiyo hapa mtaani ni shilingi 1,500, hivyo gesi ilikuwa nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo haionekani kwa macho. Fedha ya mkaa hutoka kidogo kidogo, ilhali mtungi hutaka fedha yote siku moja, tena kwa kawaida siku ambayo haipo. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu huutunza mtungi kwa ajili ya chai na kuyapeleka maharage nje.

Hapo niseme jambo kuhusu mzani, maana wengi huibiwa bila kujua. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, kwenye shingo au ubavuni, na muuzaji anatakiwa kuwa na mzani dukani. Jumlisha uzito huo na kilo za gesi unazozilipia, kisha omba upimiwe. Nimepimiwa mara nyingi bila matatizo, na mara moja nikakutana na muuzaji ambaye mzani wake ulikuwa "umeharibika jana". Nilikwenda duka la pili.

Maharage hula moto mwingi kwa sababu ganda na nyama yake huhitaji muda mrefu kwenye joto ili kulainika, na maji kwenye sufuria ya kawaida hayazidi nyuzi 100 hata ukiongeza moto mpaka mfuniko uruke. Moto wa ziada hutoka na mvuke tu. Yaliyohifadhiwa muda mrefu kwenye joto na unyevu, kama wa kwetu pwani, huwa magumu zaidi, na ndiyo sababu maharage ya aina ya kablanketi aliyonitumia mama mkwe kutoka Mbeya mara tu baada ya mavuno yaliiva haraka kuliko ya njano niliyonunua sokoni, ambayo hakuna aliyejua umri wake. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa, na maji ya kuloweka ni vizuri kuyamwaga. Magadi nayo hulainisha, kama bibi zetu walivyojua, ingawa hupunguza vitamini B1 na ukizidisha utakula sabuni. Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba maharage mekundu lazima yachemke kwelikweli, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo joto la uvuguvugu haliiondoi, na mtu akiyala yakiwa nusu mabichi anaweza kutapika na kuhara vibaya.

Mwezi wa pili nilinunua presha kuka ya umeme ya lita 6, yenye wati 1,000. Ilinigharimu zaidi ya shilingi laki moja na nilijuta njia nzima nikiwa kwenye daladala, nimeipakata kama mtoto. Kinachofanyika ndani yake hakina uchawi: mvuke ukizuiwa kutoka, maji hupanda zaidi ya nyuzi 110, maharage yakaiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida, na kwa kuwa chungu kimezungukwa na ganda linalohifadhi joto, umeme hujikata wenyewe na kurudi kwa vipindi vifupi tu. Siku ya kwanza nilizima friji na kila kitu kingine, nikasoma mita ya LUKU kabla na baada. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haikufikisha nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti moja ni kama shilingi 356 kodi na tozo zikiwemo, kwa hiyo maharage yale yalichemka kwa fedha isiyofika shilingi 180. Nilirudia kipimo siku tatu, nikidhani mita imenionea huruma.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na lina uzito. Wapo wateja wa matumizi madogo, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi ilimradi wasizidishe uniti 75 kwa mwezi. Hao hulinda kundi lao kama mboni ya jicho, kwa kuwa uniti zinazozidi hutozwa bei ya juu sana, na mtu akizidisha mara kwa mara huhamishiwa bei ya kawaida. Kwao ushauri wangu ni kupiga hesabu badala ya kukataa moja kwa moja. Maharage mara tatu kwa wiki hayafikishi uniti saba kwa mwezi, na mwenye taa chache, televisheni na simu za kuchaji mara nyingi ana nafasi hiyo. Asiyekuwa nayo, kwa mfano mwenye friji kuukuu linalonguruma mchana na usiku, anapaswa kwanza kulitazama hilo friji.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni nyumba za kupanga ambazo wapangaji watano huchangia mita moja. Humo pasi ikionekana ni kesi, hita ya maji ni kikao, na presha kuka yenye wati 1,000 ikionekana mwenye nyumba ataitwa. Niliishi miaka minne katika nyumba ya namna hiyo huko Tabata na ninajua jinsi mtu anavyoweza kusikiliza kupitia ukuta kama jirani amewasha kitu. Hasira hizo hutokana na kutopima, kwa sababu watu hukadiria matumizi kwa ukubwa wa kifaa, ilhali kifaa kikubwa kinachofanya kazi kwa dakika chache huenda kikala chini ya feni inayozunguka usiku kucha. Dawa yake ni sabmita, yaani mita ndogo ya kupimia matumizi, kwa kila chumba, ambayo fundi umeme wa mtaani huifunga kwa siku moja. Ningependa Serikali inayotumia fedha kugawa mitungi itafute pia namna ya kuwasukuma wenye nyumba waziweke, maana mpangaji hawezi kutoboa ukuta usio wake.

Kuhusu umeme kukatika, nilitegemea iwe sababu ya kushindwa. Haikuwa. Ukikatika katikati, chungu kilichofungwa huendelea kupika kwa joto lake kwa muda, na ukirudi unaendelea ulipoachia, mradi usijaribu kulazimisha mfuniko kufunguka kukiwa bado na presha ndani. Siku hizi mimi huchemsha kilo nzima kwa awamu mbili Jumamosi, naigawa kwenye vikopo na kuigandisha, kwa hiyo katikati ya wiki kazi iliyobaki ni kuunga tu.

Tahadhari nyingine ni chache, lakini si za kupuuzwa. Usijaze maharage na maji kupita nusu ya chungu, kwa sababu povu lake huziba tundu la mvuke. Mpira wa mfuniko ukilegea, nunua mwingine usije ukaufunga kwa kitambaa. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, wala si kwenye zile ekstensheni nyembamba zinazouzwa barabarani, ambazo huyeyuka kimyakimya nyuma ya kabati. Na kwa wanaoendelea na mkaa, hasa ndugu zetu wa Njombe, Makete na kwingine kwenye baridi, jiko lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Limebaki suala la ladha, ambalo kwa kweli ndilo lililonipa wasiwasi kuliko bei. Mama mkwe alipokuja nilimkuta amesimama mbele ya presha kuka, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe asiyetaka kumnunua.

"Baba, haya maharage hayana moto," aliniambia. "Yamechemka tu."

Sikubishana naye, kwa sababu alikuwa na hoja. Maharage yaliyotoka humo yakiliwa hivyo hivyo yana ladha ya maji. Lakini hata ya mkaa, tukisema ukweli, ladha yake huja wakati wa kuunga: kitunguu kikaangwe mpaka kipate rangi, nyanya ikaukie, tui jepesi litangulie na zito lifuate, kisha sufuria iachwe wazi kwa moto mdogo mpaka mchuzi ukamate. Hiyo ni kazi ya dakika 20 kwenye gesi, na mtungi unaimudu bila malalamiko. Niliunga mbele yake, akala, akanyamaza, akaongeza ugali. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kifaa kile kinaivisha utumbo pia. Nilimjibu kwamba kinaivisha, ingawa wali wa kupalia makaa juu ya mfuniko sijapata wa kuushinda na wala sijitahidi.

Jiko la mkaa bado lipo nyuma ya nyumba. Tunachomea mahindi na samaki, na wikiendi moja moja mke wangu hupikia wali huo. Gunia la mwisho nililonunua lilikuwa la mwezi Machi, na mpaka leo halijafika nusu.