Je, Shinikizo la Kazi Humkomaza Mtengenezaji wa Programu?

Miongoni mwa vijana wanaotengeneza programu za kompyuta hapa Tanga, ambao wengi wao hufanya kazi za kampuni za Dar es Salaam wakiwa vyumbani mwao Chumbageni au Ngamiani, kuna ubishi ambao kila upande unautetea kwa yaliyoupata. Wapo wanaosema kwamba kazi ya mbio, yenye mteja anayepiga simu usiku na tarehe isiyosogezwa, ndiyo iliyowapa ujuzi, kwa kuwa hakuna darasa lililowafundisha kusoma kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, kwa makini kama mfumo uliowaangukia saa mbili usiku. Wengine hujibu kwamba miaka mitatu ya kazi za namna hiyo imewaacha pale pale walipoanza, wakiwa wepesi wa kuziba matundu na wageni wa sababu zinazoyatoboa.

Nimewahi kuwa upande wa kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumia mfumo wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi, na siku mbili kabla ya Idi, abiria walipofurika, mfumo ukaanza kuuza kiti kimoja kwa watu wawili. Sababu yake, ambayo usiku ule sikuijua, ni ya kawaida katika kazi yetu: maombi mawili hufika kwa pamoja, kila moja likaiuliza hifadhidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, kama kiti namba 14 ki wazi, yote mawili yakajibiwa kwamba ki wazi, kisha yote mawili yakaandika. Kwa kuwa watu walikuwa wakigombana stendi, niliongeza ukaguzi wa pili kabla ya kuandika, nikaona malalamiko yamepungua, nikalala nikiamini kwamba nimejifunza. Kumbe ule mwanya niliupunguza tu, sikuuziba, na sikukuu iliyofuata tatizo likarudi. Lilikoma pale mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu katika kazi hii, alipokaa nami siku mbili tulivu, tukaweka sharti ndani ya hifadhidata yenyewe kwamba basi, safari na namba ya kiti visijirudie pamoja, ili yakija maombi mawili, la pili likataliwe papo hapo.

Usiku ule nauwekea haki yake. Ulinifundisha kutulia watu wanapopiga kelele, ukanionyesha pa kuanzia kutafuta, na ukanipa swali ambalo nisingelipata kitabuni. Jibu, hata hivyo, lilikuja mchana wa utulivu. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin, walitilia mkazo mazoezi yenye lengo mahususi, yanayoambatana na kujua ulipokosea na nafasi ya kurudia. Kazi ya dharura inalo lengo, tena kali. Nafasi ya kurudia ndiyo haina.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa vyombo vyetu. Jahazi likivuja katikati ya bahari, nahodha huziba kwa kitambaa chochote alicho nacho huku mabaharia wakifua maji, na hakuna anayemlaumu kwa hilo. Lakini chombo kikifika hupandishwa pwani, kalafati iliyooza, yaani kile kizibio cha nyufa za mbao, ikatolewa yote na kutiwa mpya, na kijana anayejifunza ufundi hujifunza hapo zaidi kuliko baharini. Katika ofisi nyingi za programu chombo hakipandishwi kamwe. Tangu mwaka 1992, mtengenezaji wa programu Ward Cunningham alipoufananisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa kwa haraka na deni linalozaa riba, fundi anayejua kazi yake hawezi kudai kwamba hakuonywa.

Hoja ya waajiri nayo ni nzito. Mwenye kampuni ya watu wanne hulipwa kwa kinachoonekana, na mteja haoni sharti lililowekwa ndani ya hifadhidata. Hata akipata fedha za kuajiri wengine, mtaalamu wa programu Fred Brooks alikwisha kueleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na wale wale waliolemewa. Ndiyo maana siwezi kuwaita waajiri wote wakatili.

Ninapotofautiana nao ni pale mzigo wote unapobebeshwa mfanyakazi. Kijana akichoka huambiwa apumzike, akatembee Raskazone jioni, apange muda wake vizuri. Ni ushauri mwema, lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa hali itokanayo na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa, nazo dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kupungua kwa ufanisi. Mtu aliyefika hapo hajifunzi kitu, hata ukimpa mwalimu bora. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zikilipwa angalau mara moja na nusu. Ni kinga nzuri kwa mwajiriwa. Wengi wetu huku, kwa masikitiko, tunalipwa kwa kila kazi, na hakuna anayezihesabu saa zetu.

Kwa hiyo katika mapatano yangu ya sasa nimeongeza kipengele kimoja: kila rekebisho la dharura lifuatiwe, ndani ya wiki mbili, na siku moja ya kulirudia, yenye malipo, na kijana ninayefanya naye kazi awepo. Wateja wawili wamekubali. Wa tatu anasema hawezi kulipia kitu kimoja mara mbili, na bado naendelea kuzungumza naye, nikimwonyesha hesabu ya viti vile.