Hopa ya Dola 20

Mwenzenu nina plasta kwenye kidole gumba, gundi kwenye nyusi, na kiti cha gari kilichobadilika rangi. Chanzo cha yote haya ni bawaba. Kipini cha bawaba ya kifuniko, urefu wake njiti ya kiberiti.

Ilianza hivi. Mwanangu wa kiume, miaka 16, mrefu kuliko mlango, alishuka ngazi asubuhi akaniamkia shikamoo. Mzazi yeyote anayelea hapa Columbus, Ohio, anajua kwamba shikamoo inayokuja bila kukumbushwa ni ankara. Nikaitikia marahaba nusunusu, mkono mmoja umeshawahi mfukoni kuishika pochi isitoroke.

"Baba, nimepata bunduki."

Chai ikaniingia puani. Akawahi kueleza: ya rangi, baba, ya mchezo, peintiboli, ule wa kulengana na gololi za rangi zinazopasuka. Bunduki yenyewe kaachiwa bure na rafiki yake anayehama. Hopa ndiyo kainunua kwa hela yake, dola 20, kwa bwana mmoja aliyetandaza makorokoro yake nje ya nyumba. Ila ina tatizo. "Kidogo tu, baba."

Nimekulia Tanga mimi. Fundi akikwambia gari lina tatizo kidogo tu, tafuta nauli ya basi.

Kwa ambao Mungu amewaepusha, hopa ni kile kibuyu cha plastiki kinachokaa juu ya bunduki. Kinabeba gololi za rangi kama 200, zinashuka shingoni moja moja kuingia chemba. Ukitaka kuielewa vizuri kumbuka mashine ya kusaga: lile bati la juu unapomwagia mahindi, ndilo hilo hilo. Nilikuwa natumwa mashineni na ndoo ya makopa. Makopa yakiwa na unyevu yanakamatana pale kooni, hayashuki. Msagaji hakuita mhandisi. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kope, anageuka taratibu, anapiga bati kofi moja, pwaa! Makopa yanashuka yenyewe kwa adabu.

Gololi nazo zina tabia hiyo hiyo. Mbili zinagombea shingo moja kama abiria kwenye mlango wa daladala, haingii huyu wala yule. Bunduki inabaki inapiga hewa. Mbaya zaidi gololi ikiwa imeingia nusu, chuma cha ndani kinaikata katikati kama embe na rangi inamwagikia humo humo. Sasa Mmarekani hakutaka kofi. Kaweka mota, kaweka betri ya volti 9, kaweka kasia la kukoroga, na jicho la umeme linalochungulia shingoni. Likiona pako patupu linaiamrisha mota izunguke. Vitu vinne vya kuharibika mahali pa kofi moja! Na kwenye hopa ya mwanangu vyote vinne vilikuwa vimeharibika, pamoja na kifuniko kilichoning'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamwambia niletee bisibisi. Hapo ndipo nilipojichimbia.

Ina skrubu sita. Tano zilitoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Ya sita imeliwa kichwa. Sijui aliyeila ni nani, lakini alikula akashiba, hakuacha hata alama ya msalaba. Nikaweka kile kimpira cha kufungia mchicha kati ya bisibisi na skrubu ili ipate mshiko. Na ikashika kweli, ikazunguka robo, nikatabasamu. Ndipo bisibisi ikateleza ikaingia gumbani. Mke wangu aliyekuwa sebuleni akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Mwanamume akiwa na bisibisi mkononi hajibu vingine, hata damu ikitiririka.

Ganda nikalipanua upande wa zile tano. Ndani sasa. Jamani! Kuna gololi ilipasukia humo zama za mwenyewe wa kwanza, rangi ya chungwa imekauka kwenye kila kona. Kuna nyingine imekula unyevu ikavimba kama jicho la mtu aliyegombana na nyuki. Betri imeachwa miaka, imetapika, vile vibati vya kushikia waya vimeota ukungu wa kijani. Kasia la mbawa nne limebaki na mbawa moja na nusu. Na lile jicho la umeme limezibwa rangi kabisa. Lilikuwa linaona chungwa tupu maisha yake yote, masikini, likidhani ni gololi.

Kutu ya betri nikaiondoa kwa siki na mswaki wa zamani. Baadaye nikafahamishwa kuwa mswaki ule haukuwa wa zamani.

Plastiki nikaipeleka kwenye sinki la jikoni, kwa sababu rangi yenyewe inatoka kwa maji ya vuguvugu tu, haitaki petroli wala tina. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu. Anasimama kimya, lakini unamsikia.

"Hizo gololi zimetengenezwa na nini?"

Mimi nilikuwa tayari kusema plastiki tuendelee na maisha. Kijana, tatizo la kusomesha watoto, akawahi: "Gelatini, mama. Kama yale maganda ya vidonge vya dawa."

"Gelatini ya nini?"

Maji yakaendelea kutiririka.

"Nauliza, ya ng'ombe au ya nguruwe?"

Nikatazama mfuko wa gololi, mbele na nyuma. Umeandika idadi, umeandika vaa kinga ya macho, umeandika usile. Habari za mnyama hakuna. Nikasema mama watoto, hizi hazili mtu, mtu anapigwa nazo tu. Akasema na sinki hili analoshea mchele nani? Basi nikatolewa jikoni mimi, hopa na mswaki, hadi gereji, mwezi wa Machi, baridi ya kule kidole kinakuwa cha mtu mwingine. Sinki likaoshwa upya, nilihesabu, mara saba.

Tukaja kwenye spea. Ndugu zangu, nilitafuta mtandaoni mpaka macho yakawa kama ya ile hopa. Kifuniko kipo, dola 9, kukituma dola 8. Sawa. Kasia haliuzwi peke yake, linauzwa pamoja na mota. Mota inauzwa pamoja na nyaya, nyaya na kisanduku cha betri. Unakwenda buchani unataka robo ya ini, unaambiwa ini linauzwa na ng'ombe wake. Na kile kipini cha bawaba hakiuzwi kabisa; hopa ya aina ile haitengenezwi tena. Nikapiga simu kwa wauzaji. Binti akanipa pole kwa sauti ya mtu anayeisoma pole hiyo kwenye karatasi, kisha akanishauri ninunue hopa mpya. Nikamuuliza ya bei gani. Akasema ile ya kawaida isiyo na umeme, inayoshusha gololi kwa uzito wake tu, ni dola 8.

Dola nane! Kipya kizima ni sawa na nauli ya kifuniko.

Hapo mwenye akili zake angenunua. Mke wangu alisema nunua. Mwanangu mwenyewe alisema baba, basi tununue. Lakini mimi nina skrubu iliyoliwa kichwa gereji. Tumeshakosana mimi na yeye, kaniumiza, siwezi kuondoka kama mtu aliyeshindwa. Kwetu marehemu baba alikuwa na redio moja miaka yote, inafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukiigeuza upande inashika stesheni ya Unguja. Leo mtoto wake aagize hopa?

Nikajaribu njia ya hekima kwanza. Nikamkalisha kijana nikampa historia, maana nami nilikuwa nimesoma usiku kazini, kwenye mapumziko. Nikamwambia bunduki hizi hazikuanza na watu; zilikuwa za kutia alama za rangi kwenye miti ya kukatwa na ng'ombe wa kutengwa. Mwaka 1981, mwezi wa Juni, ndipo watu 12 walipoingia nazo msituni huko New Hampshire kufukuzana, kila mtu atafute bendera zake. Na unajua nani alishinda? Bwana mmoja wa kazi za misitu, Ritchie White. Alizunguka kimyakimya nyuma ya miti, akakusanya bendera zote, akatoka. Hakupiga hata gololi moja!

"Sasa huyo," nikasema, "hopa alikuwa na haja nayo?"

Kijana akanitazama kwa huruma. "Baba, kwa hiyo niende na bendera tu?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi gereji.

Aliyeniokoa ni jirani yangu Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, mtu ambaye akiona kitu kimevunjika uso unang'aa kama ameletewa mjukuu. Akaigeuza hopa mara mbili, akainusa, sijui kwa nini akainusa. "Ndugu, hii haiko kazi. Dakika mbili inaisha."

Ikachukua saa tatu. Lakini saa tatu tamu! Mbawa za kasia alizikata kwenye kopo la mtindi, akazibandika kwa gundi ile kali, na hapo ndipo nyusi yangu ilipohusika, tusiingie huko. Kipini cha bawaba tulikikata kwenye spoki ya baiskeli, tukaisugua kwa msasa, ikaingia kwenye tundu lake kama iliyozaliwa humo. Skrubu ya sita aliitoboa kwa drili, nikaishika mkononi, nikaitazama usoni, nikaitupa pipani mwenyewe. Jicho tukalifuta kwa kijiti cha masikio. Shingo ilikuwa imelegea, imelika kwa kuvaliwa, tukaizungushia tepu ya umeme mizunguko miwili. Betri mpya, ndani. Washa.

Kasia likanguruma. Tukashikana mikono kama marais. Nikamimina gololi kumi za majaribio, kifuniko wazi, zikaanza kurukaruka kutoka humo kama bisi kwenye sufuria. Waya za mota tulikuwa tumezigeuza, mota inazunguka kinyumenyume, na mbawa za kopo la mtindi kwa zilivyojikunja zinachota kupeleka juu. Gololi mbili zilipasukia kwenye koti la Mkongo. Akasema haina neno, iko rangi ya muzuri. Tukazigeuza waya.

Jumamosi tukaenda uwanjani. Kwanza unapimiwa mwendo wa bunduki: gololi isizidi futi 300 kwa sekunde, ambayo ni kama mita 91, yaani inapita kilomita 300 kwa saa. Na kinyago cha uso hakivuliwi, hata ukiwa unakufa kwa jasho. Mimi nikakaa nyuma ya wavu na chupa yangu ya chai. Wenzake wana mahopa ya mamia ya dola, yanang'aa. La kwetu lina tepu shingoni kama mgonjwa wa mafindofindo.

Filimbi. Grrr, grrr, grrr, hopa inafanya kazi! Nikamwambia mzungu aliyesimama pembeni yangu kwamba hiyo sauti ni kopo la mtindi. Akasogea kidogo.

Dakika ya tatu kimya. Gololi imepasukia shingoni, jicho limezibwa, hopa inaamini imejaa. Mwanangu kabanwa nyuma ya pipa, gololi zinamlia pande zote, bunduki inapiga hewa. Sikujua nimesimama saa ngapi. Nilisikia tu sauti yangu: "Pigaaa kofiii!"

Akaipiga. Pwaa! Gololi zikashuka. Akampiga mmoja begani, akampiga wa pili. Msagaji wangu angemwaga machozi ya unga. Akapiga kofi la pili, na hili alilipiga kwa furaha. Spoki ikachomoka, kifuniko kikaruka upande wake, na gololi karibu zote zikamwagika kwenye tope la Ohio kama shanga za bi harusi.

Raundi ilipokwisha nikavaa kinyago nikaingia kuokota. Msimamizi, kijana mdogo, akanijia kwa heshima: mzee, zilizoanguka hazitumiki tena, tope litachafua mtutu na zitapasukia humo. Nikamwambia nimekuelewa, mwanangu. Nikaendelea kuokota. Mfuko wa gololi 500 nimenunua kwa hela ya zamu ya usiku, halafu niuache ardhini? Zikajaa mfuko wa koti, nikahamia mifuko ya nyuma ya suruali.

Nilikumbuka mifuko ya nyuma nilipokuwa nimeshakaa kwenye gari. Nilizisikia. Pu, pu, pupupu. Tukaendesha hadi nyumbani baba na mtoto bila kusemeshana, mimi nimekalia kitu cha vuguvugu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akatazama suruali, akapita pembeni yangu akafungua mlango wa gari, akakitazama kiti kwa muda mrefu.

"Hii ni ya ng'ombe au ya nguruwe?"

Nikamwambia, "Ya kijani."