Ubongo umejaa amiloidi, mwenyewe hasahau

Katika jimbo la Antioquia, Kolombia, kuna ukoo mkubwa unaorithishana hitilafu katika jeni ya presenilini 1. Anayeirithi huanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 44 hivi, na anapokaribia 50 ugonjwa wa Alzheimer umeshamkamata. Mwanamke mmoja wa ukoo huo aliirithi, lakini alianza kusahausahau alipokuwa ameshapita miaka 70. Watafiti walioeleza habari zake mwaka 2019 walikuta ubongo wake umejaa protini ya beta-amiloidi kuliko jamaa zake. Kilichokuwa kidogo ni tau, protini nyingine inayohusishwa na ugonjwa huu.

Mama huyu anawatia tumbo joto wanasayansi wa pande zote mbili: wanaosema chanzo cha Alzheimer ni amiloidi, na wanaosema ni tau.

Nianze na wanaoilaumu amiloidi, maana ndio waliokusanya ushahidi mzito. Amiloidi ni kipande kinachokatwa kutoka protini kubwa iitwayo APP, kisha hujikusanya nje ya seli za neva na kuwa mabonge. Jeni ya APP iko kwenye kromosomu ya 21. Watu wenye hali ya Down wana kromosomu hiyo tatu badala ya mbili, na mabonge huwaota mapema sana. Mwaka 2012 likaelezwa badiliko adimu la jeni hiyohiyo miongoni mwa watu wa Iceland: linapunguza amiloidi, na wenye nalo hawapatwi na Alzheimer kwa urahisi. Ikizidi watu wanaugua, ikipungua wanakingika. Ndiyo maana nadharia waliyoiandika John Hardy na Gerald Higgins mwaka 1992, kwamba amiloidi hutangulia na mengine yote hufuata, haijafa licha ya kuzikwa mara kadhaa.

Tau nayo hukaa ndani ya seli, ikishikilia mirija inayopitisha mizigo. Inapoelemewa na fosfeti huachia mirija, ikajisokota kuwa nyuzi. Wanaoilaumu wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri: kusahau kwa mgonjwa huenda sambamba na kuenea kwa tau, si na wingi wa mabonge. Wapo wazee wengi waliokufa na akili timamu huku mabonge yamejaa vichwani.

Hata hivyo, hitilafu za jeni ya tau zilizogunduliwa 1998 huleta ugonjwa mwingine wa akili, si Alzheimer. Wazee wengi pia wana tau kidogo karibu na sehemu ya kumbukumbu na hawaugui. Amiloidi inapokuwepo ndipo tau huvuka na kusambaa. Na mwaka 2002, seli za neva za panya zilizokosa tau hazikuharibika zilipomwagiwa amiloidi maabarani. Kwa hiyo swali la "ipi kati ya mbili" naliona limekosewa tangu mwanzo. Amiloidi hutuma, tau hutekeleza, na katikati yao kuna APOE, protini ya kubeba mafuta: yule mama wa Kolombia alikuwa na badiliko adimu la APOE, tena kutoka kwa wazazi wote wawili.

Dawa zinasemaje? Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, husafisha amiloidi na ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18. Inasikika kubwa. Kwenye kipimo cha alama 18, tofauti ni 0.45, na sidhani kama familia nyumbani ingeiona. Wengine walivimba au kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa donanemab, dawa nyingine ya kusafisha amiloidi, wagonjwa ambao tau yao ilikuwa bado kidogo ndio walionufaika zaidi, jambo linalodokeza kwamba tau ikishasambaa, kumwondoa aliyeituma kunasaidia kidogo.

Basi tuwatibu mapema? Ukoo uleule wa Antioquia ulijaribiwa dawa ya crenezumab, nayo ya kulenga amiloidi, kabla dalili hazijaanza. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha faida ya maana. Watetezi wa amiloidi wanasema dawa ile haikuondoa mabonge ya kutosha. Huenda ni kweli, ila ni jibu ambalo wamelitoa mara nyingi mno.