Mpeni Mtoto Mche, Kisha Mpeni na Kopo la Maji

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, picha huwa ni zilezile: watoto wamevalishwa fulana mpya, wameushikilia mche mmoja kwa mikono kumi. Mwaka huu nilipita kwenye uwanja wa shule moja wiki chache baada ya sherehe. Miche yote ilikuwa imekauka, na mmoja ulifukiwa na mfuko wake wa nailoni. Imeniuma. Watoto wale wanapita hapo kila asubuhi na hakuna aliyewaambia kwamba ile miche ni yao na ina kiu.

Tunawafundisha kwamba mazingira ni shughuli yenye tarehe na mgeni rasmi. Mtoto hapendi kitu kwa namna hiyo. Hupenda kile anachokirudia, alichokiona jana kikiwa hivi na leo kikiwa vile. Shule ingeweza kumkabidhi kila mtoto mche mmoja na kopo moja, sherehe ikaachwa kabisa, na ingekuwa imefanya kazi kubwa zaidi.

Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 alikumbuka kijito cha karibu na nyumbani kwao, alikokwenda kumchotea mama yake maji. Humo aliona mayai ya chura, akadhani ni shanga, na kila akiyatia vidole yanakatika. Baadaye akaona viluwiluwi. Ametumwa maji tu! Ile kazi ya kawaida ya nyumbani ndiyo aliyobaki nayo moyoni hadi siku ile.

Kazi kama hizo tunazo. Anayeanua nguo na atazame mawingu, aseme mwenyewe kama mvua inakuja. Maji ya kuoshea mboga yaende kwenye mmea. Usiku, mwezi utafutwe kupitia dirisha lilelile. Huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, na mtoto atagundua kwamba umehama kabla hujamwambia.

Lakini kama utafanya jambo moja tu, chukua mbegu ya haragwe. Ibane kati ya pamba iliyoloweshwa maji na ukuta wa gilasi ili ionekane vizuri. Baada ya siku chache ganda linapasuka, na kinachotangulia ni mzizi, mweupe, mwembamba, unaelekea chini. Sasa igeuze mbegu, mzizi utazame juu, uiache. Kesho yake ncha itakuwa imeshajikunja kurudi chini, hata kama gilasi ilikaa gizani, kwa sababu mzizi unahisi mvutano wa dunia. Mtoto atakuuliza, "Mzizi umejuaje?" Usikimbilie kumjibu. Mwache aigeuze tena.

Kinachonikera kuliko vyote ni kelele zetu. Mtoto mdogo akimwona jongoo humchuchumalia, anataka kuona ile miguu inavyokwenda kama wimbi. Sisi tunapiga ukelele: "Kanyaga!" Anatutazama usoni, na hofu inaingia hapohapo. Haya, ni kweli jongoo wengine hutoa majimaji yanayowasha, na nyoka hachezewi. Basi mwambie asimshike, amwangalie. Mwonyeshe anavyojikunja akiguswa na kijiti, mwambie anakula majani yaliyooza, na kwamba kinachotoka tumboni mwake kinarudi kuwa udongo. Huyo hastahili kukanyagwa.

Safari za mbugani sizikatai. Mwenye uwezo ampeleke mwanawe. Ila tembo aliyeonekana mara moja kupitia dirisha la gari hawezi kushindana na buibui wa barazani ambaye mtoto anajua hata pembe anayotega.

Kuhusu simu, mengi yameshasemwa. Mimi simwelewi mzazi anayelalamika kwamba mtoto hatoki kwenye simu wakati kila akigusa udongo anafokewa kwa kuchafua nguo.

Na msiniambie hakuna muda. Njia mnayopita kila siku inatosha, mradi mtoke nyumbani mapema kidogo ili mtoto asimame kwenye msafara wa sisimizi bila kuvutwa mkono. Apitishe kidole kukata njia yao, aone wanavyotawanyika na kuhangaika, maana wanafuata harufu waliyoachiana ardhini. Wakirudi kupanga mstari, atataka kujua nani aliyevuka wa kwanza. Mwambie kesho mtawahi zaidi, mtazame vizuri. Na kesho hiyo muwahi kweli.