Uigaji si utabiri

Mwandishi wa makala kuhusu uigaji wa urithi wa mimea ameeleza vizuri kwamba watafiti huiga kwa kompyuta mabadiliko ya DNA katika vizazi vingi, lakini kusema kwamba programu hizo “zinatabiri” mikorosho yetu ya Mtwara itakavyokuwa ni kupotosha. Programu hupewa ukubwa wa jamii ya mimea, kasi ya mabadiliko ya jeni na historia ya kukisia, kisha huchezesha bahati nasibu ya urithi mara maelfu, ili mtafiti alinganishe matokeo na DNA halisi na kuona ni historia ipi inayoelekea kuwa ya kweli. Njia aliyoiasisi mwanahisabati John Kingman mwaka 1982 hurudi nyuma: huanza na sampuli za leo na kufuatilia nasaba mpaka zikutane kwa mzazi mmoja, hivyo mimea isiyoacha uzao haihesabiwi kabisa.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na swali lenye uzito kwa uigaji huu ni mbegu chache kiasi gani zilizoanzisha mashamba haya. Hapa (nasema kama mkulima wa Newala) miche ya kubebesha huvuruga hesabu, kwa kuwa vikonyo (vijiti vinavyokatwa na kuunganishwa kwenye miche mingine) vya mti mmoja hubeba urithi uleule bila kupitia mbegu.