Neva za Moyo Baada ya Mshtuko: Mtwara Ianzie Wapi?

Mgonjwa aliyenusurika mshtuko wa moyo anaporuhusiwa kurudi Tandahimba au Nanyumbu, mkoani Mtwara, daktari hubaki na swali gumu: kati ya walionusurika, ni nani aliye katika hatari ya kufa ghafla? Kwa kawaida jibu hutafutwa kwa eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kinachoonyesha nguvu ya moyo kusukuma damu. Wapo watafiti wanaotaka zipimwe pia neva zinazouongoza moyo bila hiari ya mtu, na hoja yao ina uzito.

Moyo wenye afya haudundi kwa vipindi vilivyo sawa kabisa, kwa kuwa neva ya vagasi huupunguza mwendo huku neva za simpathetiki zikiuharakisha. Mwaka 1987 Kleiger na wenzake, waliochunguza wagonjwa 808, walionyesha kwamba wale ambao tofauti za muda kati ya pigo na pigo zilikuwa chini ya milisekunde 50 kwa saa 24 walikuwa na hatari ya kufa mara 5.3 ya wale waliozidi milisekunde 100.

Hata hivyo, kuijua hatari si kuiondoa. Katika utafiti wa DINAMIT wa mwaka 2004, wagonjwa 674 wenye moyo dhaifu na dalili za neva kuvurugika waligawanywa, na upande mmoja ukapandikizwa kifaa cha kuushtua moyo. Vifo vya mapigo kuvurugika vilikuwa 12 kwa waliopandikizwa dhidi ya 29 kwa wasiopandikizwa, lakini vya sababu nyingine vikawa 50 dhidi ya 29, hivyo jumla ya vifo haikupungua. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Tena kisukari huharibu neva hizohizo, na kwa hiyo namba ya tofauti za mapigo peke yake haitoshi.

Kwa Mtwara na Lindi, sioni haki ya kununua mashine za kurekodi mapigo saa 24 kabla ya kuhakikisha kuna ECG (kipimo cha umeme wa moyo), aspirini na statini (dawa za kupunguza lehemu) wakati wote. Lakini neva zisipuuzwe, kwani mapigo ya kasi ya mtu aliyepumzika nayo ni alama ya neva hizo kuvurugika, na DINAMIT yenyewe ilitumia wastani wa mapigo kama kigezo. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyahesabu kwa dakika nzima na kuyaandika kwenye kadi. Yakibaki juu kila hudhurio, baada ya malaria na upungufu wa damu kuchunguzwa, mgonjwa huyo atangulie kupewa rufaa.